Nataka kukata kebo tubaki na intaneti tu. Waliohama nipeni uzoefu

MkataWaya
Wakuu, salaam. Kila mwezi nalipia TV ya kebo na nalipia intaneti, na zote mbili zinaingia ndani kwa waya ule ule kutoka kampuni ile ile. Chaneli ni mia na ushee. Tukikaa tukajiuliza tunazotazama kweli, hazijazi vidole vya mkono mmoja.

Ninaishi na mama yangu mzazi. Yeye anataka taarifa ya habari na tamthilia zake, basi. Mume wangu ni mpira, akimaliza mpira ni uchambuzi wa mpira. Watoto hata chaneli hawaijui, wamezoea kuchagua wanachotaka na kukirudia mpaka sisi wengine tunakikariri. Mimi nikipata filamu moja usiku watu wakiwa wamelala, nashukuru.

TV tunazo mbili. Ya sebuleni ni TV janja ila imeshakuwa ya zamani, baadhi ya programu zinagoma kufunguka. Ya chumbani kwa mama ni ya kawaida, lakini ina tundu la HDMI, lile la kuchomekea vifaa vya picha na sauti. Naomba kujuzwa: intaneti iwe na kasi gani? Ninunue kifaa gani? Mpira tutautazamaje? Na kweli mtu anaokoa pesa, au anazihamisha tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine?

kata_tu
Kata tu dada. Utakuja kunishukuru.

SijaKata
Kabla hujakata, msikilize na aliyebaki. Netflix ilipoanza kustrimu, yaani kuonyesha filamu kwa njia ya intaneti, mwaka 2007, studio kubwa ziliiona kama mteja mwingine wa kukodishiwa filamu. Kadiri miaka ilivyokwenda akaunti moja ikabeba vitu vingi, watu wakaona wamekombolewa. Halafu studio zikazinduka. Disney+ ikaja Novemba 2019, HBO Max Mei 2020, Peacock mwaka huo huo, Paramount+ 2021. Kila mmoja akakusanya vyake akavifungia kwake.

Yakafuata yale yale mliyoyakimbia. Netflix ikaleta kifurushi chenye matangazo Novemba 2022, na mwaka 2023 ikawabana waliokuwa wakigawana akaunti nyumba kwa nyumba. Prime Video ya Amazon nayo mwaka 2024 ikawawekea matangazo wateja waliokwisha kulipa katika nchi kadhaa, asiyeyataka aongeze pesa. Ukijumlisha huduma nne au tano umeshaifikia bei ya kebo, na mpira bado hujauona. Mimi chaneli ya habari naijua namba yake, nabonyeza, inawaka. Sina nenosiri la kukumbuka wala sasisho la kusubiri.

ZamuZamu
SijaKata ana hoja, ila hesabu yake inamhusu mtu anayelipia zote kwa pamoja mwaka mzima. Nani amemlazimisha? Kwangu mimi kitu kikubwa katika kustrimu ni urahisi wa kutoka. Kebo ukitaka kuondoka unapiga simu, unasubirishwa, unaunganishwa na mtu ambaye kazi yake ni kukubembeleza ubaki. Huku unaingia kwenye akaunti, unaghairi, umemaliza, na ukitaka kurudi hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi.

Kwetu inabaki moja ya kudumu kwa ajili ya watoto, nyingine inakuja kwa zamu. Tamthilia ninayoitaka ikianza, siikimbilii. Nasubiri vipindi vyote vitoke, nalipia mwezi, natazama, naondoka. Na siku ile ile ninayolipia ndiyo ninayozima malipo ya kujirudia, maana huduma nyingi zinakuachia utazame hadi mwezi uliolipia uishe. Majaribio ya bure ni habari nyingine: zipo zinazokukatia papo hapo ukighairi, kwa hiyo soma masharti kwanza.

Wanaoumia huku ni wanaosahau. Pitia taarifa ya benki au ya simu, utashangaa kuna huduma uliyojiunga kwa sababu ya filamu moja na bado inakula pesa. Nyingine: usiingie kwenye malipo ya mwaka kwa tamaa ya punguzo. Ukishalipa mwaka, ule uhuru wa kutoka umeuuza.

MkataWaya
Nimekuelewa ZamuZamu. Hili la zamu sikuwa nimelifikiria kabisa. Na upande wa intaneti je?

FundiMtandao
Nijibu hapo kwa kirefu, kwa sababu kuna biashara nyingi ya kutishana.

Netflix wenyewe wanashauri Mbps 3 (megabiti kwa sekunde, ndicho kipimo cha kasi) kwa picha ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K, ambayo ndiyo picha kali kuliko zote hizo. Hizo ni kwa kila kioo kinachotazama. TV mbili zikiwa kwenye 1080p na watoto wawili kwenye simu, hujafika hata Mbps 25. Weka ziada kwa ajili ya kazi, masasisho na wageni, Mbps 50 inakutosha bila presha. Mtu anayekuambia TV mbili zinahitaji Mbps 500 anafikiria kamisheni yake.

Cha kuangalia zaidi ni utulivu wa laini. Video ya kustrimu haiji kama bomba lililofunguliwa. Inakatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kinaandaliwa kwa ubora wa ngazi kadhaa. Kifaa chako kinaomba kimoja baada ya kingine huku kikijiwekea akiba. Laini ikilegea, kinaomba kipande kinachofuata kwa ubora wa chini. Ikipona, kinapanda tena. Ndiyo maana filamu huanza na ukungu kidogo kisha ikang'aa. Ile duara ya kuzunguka mnayoichukia inakuja pale akiba ilipoisha kabisa. Kwa hiyo laini ya Mbps 20 isiyoyumba ni bora kuliko ya 100 inayokatika kila saa za jioni. Pima kasi usiku wakati kila mtu yuko nyumbani, tena upimie pale TV ilipo. Kupima ukiwa umesimama kando ya ruta hakukuambii kitu.

Ndani ya nyumba, masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz yanapenya kuta vizuri lakini yana msongamano, na 5 GHz yana kasi ila ukuta mnene unayachosha. Ukiweza, vuta waya wa mtandao hadi TV ya sebuleni. Tundu la waya kwenye TV nyingi linaishia Mbps 100, usilidharau, 4K inapita hapo na nafasi inabaki. Halafu ruta isiwekwe nyuma ya TV. Hilo bamba la nyuma linaziba mawimbi, na watu wanaweka hapo kwa sababu panapendeza.

BandoLimeisha
Mkuu umesahau walio na kikomo cha data.

FundiMtandao
Kweli. Makadirio ya Netflix ni kama GB 1 kwa saa kwenye ubora wa kawaida, hadi GB 3 kwenye HD, na hadi GB 7 kwenye 4K. Chukua TV moja saa nne kwa siku: HD inakaribia GB 360 kwa mwezi, 4K GB 840. Kebo haikuwahi kugusa kikomo chako cha intaneti, sasa kila kitu kitapita humo, pamoja na ile TV inayoachwa ikiongea peke yake sebuleni mchana kutwa. Kama laini yako ina kikomo, ingia kwenye mipangilio ya akaunti ushushe ubora kwa profaili ya watoto. Katuni haziathiriki sana. Na 4K hata usiihangaikie bila sababu. Netflix wanaiweka kwenye kifurushi chao cha juu tu.

DakikaTisini
Haya, tuje kwenye mpira, maana naona wote mnauzunguka.

Mtu asikuambie kustrimu kunatatua mpira. Haki za matangazo zinauzwa kwa mashindano na kwa nchi. Ligi moja iko huku, kombe liko kule, mechi za taifa kwingine, na msimu ujao zinahama. Kuna zilizohamia zaidi kwenye kustrimu: ligi kuu ya Marekani, MLS, ilihamia Apple mwaka 2023. Kuna zilizobaki kwenye kebo na satelaiti tu. Mwambie mzee wa nyumba aandike mashindano anayofuatilia kweli, siyo anayotazama kwa sababu TV imewashwa. Halafu kwa kila moja mtafute mwenye haki mahali mnapoishi. Ikitokea mwenye haki ni chaneli ya kebo na haina programu yake ya kulipia peke yake, basi jibu mmeshalipata, msilazimishe.

La pili ni ucheleweshaji. Ile akiba aliyoeleza Fundi ndiyo inayotuua. Kipande kikiwa cha sekunde sita, na programu ikasubiri vitatu kabla ya kuanza, umeshachelewa sekunde 18 kabla hujaongeza muda wa kuandaa na kusafirisha. Nusu dakika nyuma ya uwanja ni jambo la kawaida. Kwa tamthilia nani anajali? Kwa penalti, jirani mwenye antena ameshapiga kelele wewe ndiyo kwanza mpigaji anapanga mpira. Nimeshazima makundi yote ya WhatsApp saa za mechi, na programu za matokeo nazo nimezizuia zisinitumie arifa.

SijaKata
Na hapo ni siku ambayo haijaganda. Pambano la ngumi la Tyson na Jake Paul, Novemba 2024, Netflix walisema lilitazamwa na kaya milioni 60 duniani, na watu kibao walilalamika picha inakwama.

Kumbukumbu
Mmenikumbusha jambo. TV ya kulipia yenyewe ilipanda juu kwa ngumi. HBO, chaneli ya kulipia ya Marekani, ilikuwa haijafikisha miaka mitatu ilipochukua pambano la Ali na Frazier kutoka Manila mwaka 1975 na kulirusha kwa satelaiti hadi kwa kampuni za kebo Marekani. Wenye kebo wakaona kumbe inawezekana kuleta tukio la upande wa pili wa dunia moja kwa moja, wakaanza kununua madishi. Kila teknolojia mpya ya TV lazima ipitie ulingoni kwanza, sijui kwa nini. Samahani kwa kutoka nje ya mada, endeleeni.

StikiNaBoksi
Kwenye kifaa: TV yako ya sebuleni usiitupe. Kioo bado kizima, kilichochoka ni ubongo wake. Watengenezaji wanaacha kusasisha programu za TV mapema kuliko kioo kinavyokufa. Desemba 2019 TV kadhaa za Samsung za 2010 na 2011 zilipoteza Netflix huku picha ikiwa safi kabisa. Chomeka stiki au kiboksi cha kustrimu kwenye HDMI, TV inabaki kuwa kioo tu. Roku, Fire TV, Google TV, Apple TV, zote zinafanya kazi, tofauti ni bei, wepesi na wingi wa matangazo kwenye ukurasa wa mwanzo. Chumbani kwa mama weka cha aina ile ile kama cha sebuleni. Ukimfundisha kimoja amejua vyote.

Kabla hujalipa, hakikisha kifaa kimeidhinishwa na huduma unazozitaka. Watu wanaona boksi limeandikwa 8K kwenye kasha, RAM imejaa, bei ya kutupa, wananunua, kisha Netflix inacheza picha ya kiwango cha chini kabisa. Sababu ni ulinzi wa hakimiliki. Kwenye Android unaitwa Widevine, una ngazi. L1 inafanyika ndani ya sehemu salama ya chipu na ndiyo inayoruhusiwa HD na 4K. L3 ni ya programu tupu, na huduma nyingi kubwa zinaibana kwenye ubora wa chini. Boksi la bei poa mara nyingi ni L3, na kasi ya intaneti hata ikiwa elfu haibadilishi kitu. Stiki ikianza kuzidiwa, ichomeke kwenye umeme wa ukutani. Tundu la USB la TV mara nyingi halitoi umeme wa kutosha, kifaa kinajizima na kujiwasha, watu wanalaumu mtandao.

ChaneliElfu5
Mnajichosha bure. Kuna boksi unalipia mara moja tu, chaneli elfu tano, mpira wote wa dunia, filamu zilizoko sinema sasa hivi. Anayetaka aje inbox.

Msimamizi
Nimeondoa kiungo. Tangazo la kuuza chaneli za wizi lisirudiwe humu.

FundiMtandao
Sheria tuiweke pembeni kidogo, nizungumzie usalama wa nyumba. Juni 2025 FBI walitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa unaoitwa BADBOX 2.0. Viboksi vya TV vya Android visivyo na jina vilikuwa mstari wa mbele. Vingine vinatoka kiwandani na programu mbovu ndani, vingine vinaipata pale mwenye boksi anapoelekezwa kupakua programu nje ya duka rasmi ili afungue hizo chaneli za bure. Kuanzia hapo laini yako inatumiwa na wageni kufanyia uhalifu, na anwani inayoonekana ni ya kwako. Ukiona boksi linakuagiza uzime Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu mbovu, kabla ya kuanza, lirudishe lilikotoka.

BibiRimoti
Wanangu mnaongea vipimo, hakuna anayemzungumzia mama wa huyu binti. Na mimi ndiye mama huyo, ila wa nyumba nyingine.

MkataWaya
Shikamoo bibi. Tafadhali sema, hilo ndilo linaloniumiza kichwa.

BibiRimoti
Marahaba mwanangu. Walipong'oa king'amuzi kwangu waliniachia rimoti mbili na ukurasa wenye picha za filamu zinazojicheza zenyewe. Nilikuwa nimezoea kuwasha na kumkuta mtu anasoma habari. Sasa nikiwasha naulizwa mimi ni nani, nichague sura, kisha nitafute. Mtu mzima anaona afadhali azime alale.

Kilichonisaidia ni hivi. Rimoti ya TV ilifichwa, ikabaki moja ya stiki, maana kumbe ile ya stiki inaweza kuwasha TV na kupandisha sauti. Mjukuu aliingia kwenye mipangilio ya TV akawasha kitu cha HDMI-CEC, ndicho kinachofanya rimoti moja iendeshe vyote viwili. Kwenye Samsung kinaitwa Anynet+, kwenye LG SimpLink. Akaondoa programu zote ukurasa wa mwanzo, akabakiza nne, ya habari ya kwanza kushoto. Profaili nikawa na yangu, maana ya watoto ilikuwa inaniletea madubwasha. Na maandishi ya chini akayakuza, hilo msilipuuze.

Usimfundishe mama mara moja watu wote wakiwa wamesimama nyuma yake. Mfundishe kitu kimoja, umwachie rimoti, uondoke chumbani.

AntenaYangu
Nyongeza kwa bibi. Mama anayetaka kuwasha na kukuta mtu anaongea, mpe antena. Chaneli za bure za hewani bado zipo sehemu nyingi, na picha ya dijitali ya antena mara nyingi ni safi kuliko ya kebo kwa sababu haikubanwa sana. TV ya karibuni ina kipokezi ndani, unachomeka na kutafuta chaneli, basi. Ya zamani inahitaji kiboksi cha kupokea. Haitumii intaneti hata chembe, mtandao ukikatika habari zinaendelea. Na DakikaTisini, mechi ikiwa kwenye chaneli ya hewani utakuwa mbele ya hao wa kustrimu wote.

Habari za kimataifa zipo YouTube bila malipo: Al Jazeera ya Kiingereza, France 24 na DW wanarusha moja kwa moja saa 24.

MkatabaSoma
Jambo ambalo halijaguswa: unasema kebo na intaneti ni kampuni moja. Basi huenda mkataba ni mmoja, na bei ya intaneti unayoiona ni ya punguzo kwa sababu umechukua vyote. Ondoa TV, intaneti inarudi bei yake kamili. Piga simu uulize swali moja tu: intaneti peke yake, kasi hii, ni kiasi gani baada ya ofa kuisha? Kisha ndiyo ujumlishe huduma utakazojiunga nazo. Watu wanalinganisha bili ya kebo na bei ya Netflix peke yake, wanashangilia mapema.

Angalia tarehe mkataba unapoisha na faini ya kuuvunja. Siku ya kurudisha king'amuzi, rudisha na rimoti na adapta ya umeme, piga picha namba ya kifaa, na usitoke hapo bila risiti. Kampuni moja iliendelea kunidai boksi ambalo nililipeleka mwenyewe kaunta. Risiti ndiyo iliyomaliza maneno.

kata_tu
Kumbe kukata kwenyewe ni kazi, mimi nilidhani ni mkasi tu 😂

ZamuZamu
Dada MkataWaya, kabla ya kupiga simu yoyote, chomoa king'amuzi ukiweke kabatini huku bado unakilipia. Ishini kama mmeshakata. Atakayelalamika na anacholalamikia ndivyo vitakavyokuambia nini cha kununua. Ni bora kuliko kukaa kikao cha familia, maana kikaoni kila mtu anadai anatazama kila kitu.

MkataWaya
Wakuu nimerudi. King'amuzi kilikaa kabatini kama alivyoshauri ZamuZamu, na majibu hayakuwa niliyoyategemea.

Watoto hawakujua kama kuna kitu kimeondoka. Mama alilalamika siku ya kwanza, tukaweka antena chumbani kwake. Habari anapata, na chaneli mbili za tamthilia zipo. Stiki pia nimemwekea, programu nne tu, ila bado hajaamua kama anaipenda. Nimefanya kama alivyosema bibi, nikamwachia rimoti nikatoka. Nilimsikia anaongea nayo.

Mume wangu ndiye kikwazo. Tuliandika mashindano yake kwenye karatasi: matatu. Mawili yana programu ya kustrimu ya mwenye haki, unalipia kwa mwezi, na msimu ukiisha unaizima. La tatu liko kebo peke yake. Tumebishana sana, mwisho amekubali hizo mechi atazitazama kwa rafiki yake, na mimi nimekubali kutouliza anarudi saa ngapi.

Bei ya intaneti peke yake ilipanda kama alivyotabiri MkatabaSoma. Nikawaomba wanishushie kasi hadi Mbps 50, bei ikarudi karibu na pale ilipokuwa. Kwa jumla, msimu wa mpira tunaokoa kidogo sana, kwa kweli si pesa ya kuimbia. Msimu ukiisha ndipo tofauti inapoonekana vizuri, kwa sababu tunabaki na huduma moja ya watoto na antena.

SijaKata
Angalau umesema ukweli. Wengi wakikata wanaanza kuhubiri.

DakikaTisini
Msalimie shemeji. Mwambie la tatu mara nyingi marudio yanawekwa bure mtandaoni baada ya mechi, dakika chache za magoli. Siyo sawa na kutazama, ila yanapoza.

FaraghaKwanza
Nimeona TV ya sebuleni bado ni janja na imeunganishwa. Kwa kuwa sasa unatumia stiki, itoe kabisa kwenye Wi-Fi. TV janja nyingi zina utambuzi wa kinachoonekana kiooni, hata kikiwa kimetoka HDMI au antena, na taarifa zinatumwa kwa mtengenezaji. Vizio, watengenezaji wa TV, mwaka 2017 walikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza mashtaka ya FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, na jimbo la New Jersey kwamba walikusanya ya namna hiyo kwenye TV milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Kama lazima ibaki mtandaoni, tafuta kwenye mipangilio. LG wanaiita Live Plus, Samsung ni huduma ya taarifa za utazamaji. Zima. Stiki nayo ina yake ya matangazo ya kulengwa, pitia huko pia.

MkataWaya
Nimeitoa Wi-Fi sasa hivi. Swali la mwisho, wakuu: filamu kwenye stiki, watu wakiongea hawasikiki, muziki ukija nyumba inatetemeka. Kwenye kebo haikuwa hivi. Mama analalamika na mimi nalalamika.

StikiNaBoksi
Hiyo ni sauti ya 5.1, iliyoandaliwa kwa spika tano na moja ya besi, inayolazimishwa kutoka kwenye spika mbili. Maneno ya waigizaji yamewekwa kwenye spika ya katikati, ambayo wewe huna. Filamu ikiwa inacheza, fungua menyu ya sauti na lugha, kama kuna chaguo lisilo na alama ya 5.1, chukua hilo. Kisha kwenye mipangilio ya stiki weka sauti iwe stereo, na kwenye TV tafuta hali ya usiku au ya kukuza mazungumzo.

MkataWaya
Stereo imekubali sebuleni. Chumbani kwa mama sijapata nafasi ya kujaribu, yuko kwenye tamthilia na amesema nisiguse kitu mpaka iishe.